Kumnasa Troli kwa Ajili ya Mafunzo ya Askari katika Dwarf Fortress

Katika mchezo huu wa kompyuta wa kujenga ngome, troli, yaani jitu kubwa la mchezoni, ndiye adui ninayempendekeza kwa mafunzo, kwa sababu ana nguvu za kumtisha askari lakini, tofauti na madubwana yaliyosahaulika (forgotten beasts) ambayo hukwepa mitego, hunaswa kwa urahisi. Tega mtego wa kizimba, unaohitaji kizimba kimoja na mtambo mmoja (mechanism), katika ujia mwembamba ambao kila mvamizi hana budi kuupita. Ni bora kutega mingi, kwani kila mmoja hunasa mara moja tu kabla ya kuwekewa kizimba kipya.

Kazi inayodai uangalifu zaidi ni chumba cha mafunzo. Kichimbe ndani ya mwamba na ukifunge kwa daraja la kuinuliwa badala ya mlango, maana troli huvunja milango, ilhali daraja lililokwisha kuinuliwa hawezi kulibomoa. Jenga kizimba chenye mateka katikati ya chumba, kisha ukiunganishe na wenzo uliowekwa nje, mahali salama.

Wape askari mavazi kamili ya chuma pamoja na silaha za mbao za mazoezi, ambazo humdhuru troli polepole na hivyo kurefusha pambano. Wakishaingia wote, inua daraja, ndipo uamuru wenzo wa kizimba uvutwe. Kikosi cha wanagenzi watupu nisingekiingiza humo. Changanya nao angalau mkongwe mmoja mwenye silaha halisi.