Kupunguza uzito wa miguu ya nyuma ya Impreza kwa barabara za Malindi

Anayetaka Subaru Impreza yake ishike barabara huanza kwa kununua rimu kubwa, na hapo hapo ndipo anapoiharibu. Rimu, tairi, breki na habu (kitovu kinachoshika rimu) havibebwi na springi, kwa hiyo kila kilo unayoongeza huko hupigana na shokamzoba. Tairi zito likirushwa na shimo huchelewa kurudi chini, na likiwa hewani halishiki kitu.

Kwenye pikapu, difu (gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili) na ekseli yake nzima hupanda na kushuka pamoja na matairi. Kwenye Impreza difu imefungwa juu, kwenye bodi, na shafti mbili fupi ndizo zinazopeleka nguvu kwa matairi. Tuta linapogonga, difu haimo. Mfumo huu, yaani sasipenshoni huru, si lazima uwe mwepesi kwa jumla, kwa sababu mikono mingi (vyuma vinavyoshika habu kwenye bodi), bushi (mipira ya viungo vyake) na fremu yake vina uzito. Ford ilipoipa Mustang SVT Cobra ya 1999 sasipenshoni huru ya nyuma, gari zima liliongezeka uzito, ila ule wa chini ya springi ulipungua.

Anza na mizani. Fungua tairi pamoja na rimu yake, ulitundike kwenye mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki. Rimu ya aloi ya inchi 17 yenye tairi la 215/45 kwa kawaida huwa kati ya kilo 17 na 21. Ikipita 23, tafuta rimu nyingine kabla ya kununua kitu chochote cha mbio. Kama huenda mara kwa mara barabara za mawe, inchi 16 na tairi la 205/55 ni bora: mzunguko ni karibu ule ule, na mpira mnene huokoa rimu kwenye mawe. Lakini gari lenye kalipa kubwa za breki za Brembo halikubali rimu nyingi za 16, hivyo jaribisha kwanza.

Sasa bushi, maana rimu nyepesi juu ya bushi zilizokufa ni pesa za bure. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007, kila upande wa nyuma una mikono miwili ya pembeni na mmoja wa kuvuta. Balaa ni bolti ndefu inayopita kwenye habu: hewa ya chumvi huigandisha ndani ya bomba la chuma la bushi. (Wenzetu wa Lamu mjini wenye punda wamepumzika na haya.) Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uirudie asubuhi. Ikizunguka pamoja na bushi bila kutoka, acha kuipiga nyundo, kwani utaharibu beringi ya habu. Ikate kwa grainda pande zote mbili za habu. Kwa hiyo nunua bolti mpya pamoja na nati zake kabla ya kufungua.

Kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, uandike. Bolti ya ndani ya mkono wa pembeni wa nyuma ina kichwa cha kurekebisha mwelekeo wa tairi. Ichore kwa rangi mahali ilipokaa. Weka ubao mpana chini ya jeki, mchanga wetu huzamisha, na gari likae kwenye stendi. Nati ya katikati juu ya shokamzoba usiiguse, springi imebanwa humo.

Funga mikono mipya, bolti zikiwa na grisi ya shaba kwenye shina, lakini usikaze. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi: wakikaza miguu ikining'inia, gari likishuka mpira hubaki umejikunja na kupasuka mapema. Rudisha matairi, shusha gari juu ya vipande vya mbao vinavyolingana, ulitikise, uhakikishe kipimo cha madigadi kimerudi. Hapo ndipo ukaze, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za rimu kaza kwa Nm 100 hivi, kwa kupishana.

Nyosha kamba mbili, kila upande moja, zikiwa umbali sawa na katikati ya gari mbele na nyuma. Ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma uwe mbali na kamba kuliko ukingo wa nyuma kwa milimita 0 hadi 1.5. Ikiwa kinyume, mkia utatikisika ukikanyaga breki ghafla. Kamba ni ya kukufikisha tu kwenye mashine ya alaimenti.

Ukirudi kutoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji ya mfereji. Maji ya kisima chenye chumvi ni kuongeza kutu juu ya kutu. Baada ya kilomita 100 kaza nati za rimu tena. Ukisikia mlio mmoja wa "ko" unapoondoka au kuachia mafuta, kagua mkono wa kuvuta na bushi za difu. Ikigonga kila tuta, tazama shokamzoba.