Jinsi ya kuelewa kelele za maandamano ya Waarabu kwa Kiswahili chako tu

Ukifungua video za maandamano ya 2011 pale Tahrir, uwanja wa Cairo, Misri, usikimbilie tafsiri kwanza, zima sauti ya mtangazaji sikiliza watu wenyewe, maneno mengi unayo tayari mdomoni. Anza na hii ya Misri: "aish, hurriya, adala igtimaiya". Hurriya ni ndugu wa uhuru wetu, adala umeshaisikia kwenye uadilifu (adala igtimaiya ni haki ya kijamii), halafu aish, hapo ndo patamu, Wamisri mkate wanauita aish yaani ukoo mmoja na maisha, kwahiyo mtu anayedai mkate pale anadai kuishi kabisa na mimi kila nikiisikia nasisimka.

Ile kubwa iliyoanzia Tunisia, "ash-shaab yurid isqat an-nizam", hapo angalia usije ukapotea, nizam ndo imetuletea nidhamu lakini wao wanamaanisha utawala mzima, yaani wananchi wanataka utawala uangushwe. Ben Ali, rais wa Tunisia, akakimbia tarehe 14 Januari 2011, Mubarak wa Misri akafuata kung'oka 11 Februari.

Wakiimba "silmiya, silmiya" wanasema sisi ni wa amani, kumbuka salama.

Ukimaliza hapo nenda Sudan, tafuta za kuanzia Desemba 2018 usikie "tasgut bas", na hiyo bas ni basi yetu hii hii: uanguke tu, basi! Rais wao Bashir akaondolewa 11 Aprili 2019. Rudia video mara 2 au 3, sikio litazoea.