Somo: Namna ya kumpima kwotabeki kwa takwimu, tukifuata safari ya Josh Allen

Msimu wa 2018 wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ulipomalizika, makwotabeki wawili vijana waliotoka kwenye drafti moja (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya) walikuwa na alama za urushaji zinazokaribiana sana, kwenye kipimo cha ligi cha 0 hadi 158.3. Josh Allen wa Buffalo Bills, aliyechaguliwa wa 7, alikuwa na 67.9. Josh Rosen wa Arizona Cardinals, aliyechaguliwa wa 10, alikuwa na 66.7. Zote mbili ni alama mbaya. Aprili 2019 Arizona walimwachia Rosen aende Miami, na huko alianzishwa mechi 3 tu msimu huo. Allen alibaki Buffalo, na msimu wa 2024 akachaguliwa MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi nzima.

Je, takwimu zingeweza kutuonyesha mapema nani atakua? Jibu langu ni kwamba zingetuonyesha kiasi, na kile kiasi kina thamani kubwa kwa anayejua kukisoma. Chukua karatasi na kikokotoo tuanze.

Hatua ya 1: Maneno ya kazi

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio la kushambulia, kisha anaamua arushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio 4, yaani dauni, ya kusogea yadi 10. Tutahesabu pasi zilizorushwa, pasi zilizofika, yadi, tachidauni (mpira umefikishwa eneo la goli la mpinzani), pasi zilizoporwa (mpinzani ameudaka mpira) na mara alizoangushwa akiwa bado ameushika mpira. Inatosha kwa leo.

Hatua ya 2: Usitazame jumla, gawanya

Kosa la kwanza la mashabiki ni kusoma jumla za msimu. Hizi hapa za Allen:

2018: pasi 320, zilizofika 169, yadi 2,074, tachidauni 10, zilizoporwa 12
2019: pasi 461, zilizofika 271, yadi 3,089, tachidauni 20, zilizoporwa 9
2020: pasi 572, zilizofika 396, yadi 4,544, tachidauni 37, zilizoporwa 10

Ukitazama yadi pekee utasema mwaka wa pili alipiga hatua kubwa, maana ameongeza zaidi ya yadi 1,000. Sasa gawanya kwa idadi ya pasi. Mwaka 2018 alipata yadi 6.5 kwa kila pasi. Mwaka 2019 alipata 6.7. Hakuna hatua kubwa hapo. Kilichoongezeka ni nafasi za kurusha, kwa kuwa mwaka wa kwanza aliumia kiwiko akakosa mechi kadhaa. Kumbuka pia kwamba hadi 2020 msimu ulikuwa na mechi 16, na tangu 2021 ni 17, kwa hiyo jumla za vipindi hivyo viwili hazilinganishiki moja kwa moja.

Hatua ya 3: Kokotoa alama kwa mkono, angalau mara moja

Alama ya mrushaji inayotumiwa na NFL ilianza kutumika mwaka 1973. Watu wengi huinukuu bila kujua imetoka wapi, na ndiyo maana inawapotosha. Ina vipande vinne. Tuchukue 2018 ya Allen:

Kufika: 169 ÷ 320 = 0.528. Toa 0.3, zidisha kwa 5. Unapata 1.141.
Yadi: 2,074 ÷ 320 = 6.481. Toa 3, zidisha kwa 0.25. Unapata 0.870.
Tachidauni: 10 ÷ 320, zidisha kwa 20. Unapata 0.625.
Kuporwa: 12 ÷ 320, zidisha kwa 25, unapata 0.938. Itoe kwenye 2.375. Inabaki 1.438.

Jumlisha vyote, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100. Unapata 67.9. Kila kipande hakiruhusiwi kushuka chini ya 0 wala kupita 2.375.

Ukishaikokotoa mwenyewe unaziona kasoro zake. Haijui kama kwotabeki aliangushwa mara 5. Haijui kwamba alikimbia. Na inamzawadia mtu anayerusha pasi fupi fupi zisizo na faida, mradi tu zifike. Kwa hiyo karibu nayo weka namba ya pili, yadi zilizorekebishwa: chukua yadi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, punguza 45 kwa kila pasi iliyoporwa, kisha gawanya kwa pasi zote.

Allen anapata 5.4 mwaka 2018, 6.7 mwaka 2019, na 8.5 mwaka 2020. Yadi tupu za mwaka wa pili zilikuwa zimesimama palepale, lakini zilizorekebishwa zimepanda, kwa sababu tachidauni ziliongezeka maradufu huku pasi zilizoporwa zikipungua ingawa alirusha zaidi.

Na Rosen? Mwaka wake wa kwanza alipata 4.8. Kwenye alama ya ligi walikuwa sako kwa bako. Hapa pengo limeanza kufunguka. Ongeza miguu: Allen alikimbia yadi 631 na tachidauni 8 mwaka ule wa kwanza, Rosen yadi 138. Hilo pengo lilikuwepo wazi mbele ya macho yetu, nasi tulikuwa tunabishana juu ya 67.9 na 66.7.

Hatua ya 4: Mtikisiko wa bahati

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayomtenga mchambuzi na mpiga kelele.

Ukirusha sarafu mara 30 hutapata vichwa 15 kila siku. Siku moja 12, siku nyingine 18, na sarafu ni ileile. Pasi nazo zina bahati yake: upepo, mpokeaji anayeteleza, kidole cha beki kilichougusa mpira. Namba yoyote unayoiona ina uwezo halisi wa mtu pamoja na mtikisiko huo. Kuukadiria, chukua sehemu ya pasi zilizofika, zidisha kwa sehemu ya zisizofika, gawanya kwa idadi ya pasi, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Kwa pasi 30 za mechi moja, mtikisiko ni kama pointi 9 za asilimia. Maana yake ni kwamba pasi 16 kwa 30 Jumapili hii na 20 kwa 30 Jumapili ijayo zinaweza kuwa za mtu yuleyule ambaye hajabadilika hata kidogo. Kwa pasi 320 za msimu, mtikisiko unashuka hadi 2.8.

Tulinganishe misimu sasa. Unapotafuta tofauti kati ya miaka miwili, zidisha kila mtikisiko kwa wenyewe, jumlisha hiyo miwili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Allen alitoka asilimia 52.8 hadi 58.8, tofauti ya pointi 6.0, na mtikisiko wa tofauti hiyo ni 3.6. Ni mara 1.7 tu. Kisha alitoka 58.8 hadi 69.2, tofauti ya 10.4 dhidi ya mtikisiko wa 3.0. Hiyo ni mara 3.5.

Kanuni ninayoitumia mimi: chini ya mara 2, subiri. Ikipita mara 3, amini kwamba kuna kitu kimebadilika. Katikati, andika kwa penseli. Kwa kanuni hiyo, aliyesema mwishoni mwa 2019 kwamba Allen ameshathibitisha usahihi wake aliwahi mno, na aliyeendelea kumwita mtu asiye na shabaha mwishoni mwa 2020 alikuwa amefumba macho. Hesabu hii inachukulia pasi zote kuwa sawa, jambo ambalo si kweli, kwa hiyo itumie kama kipimo cha chini cha bahati.

Kuamini kwamba kuna mabadiliko si kuamini kila pointi ya ongezeko. Miaka minne iliyofuata alipata 63.3, 63.3, 66.5 na 63.6. Ukizikusanya ni pasi 1,460 zilizofika kati ya 2,275, asilimia 64.2. Ile 69.2 ilikuwa ukuaji wa kweli uliobebwa juu zaidi na mwaka mzuri. Mtu akipata msimu wa kupindukia, mtarajie arudi karibu na wastani wake mpya, wala usimlaumu akirudi.

Hatua ya 5: Mtenge na waliomzunguka

Machi 2020 Buffalo walimleta mpokeaji Stefon Diggs kutoka Minnesota. Msimu huohuo Diggs alidaka pasi 127 kwa yadi 1,535, akaongoza ligi kwa zote mbili. Basi ukuaji wa 2020 ulikuwa wa nani? Mwaka ule hakuna hesabu iliyoweza kujibu, kwa sababu mambo mawili yalibadilika pamoja.

Jibu lilikuja 2024. Diggs alihamia Houston, na hakuna mpokeaji wa Buffalo aliyefika yadi 1,000 msimu huo. Kocha wa ushambuliaji alikuwa mwingine pia, si Brian Daboll wa miaka ya mwanzo. Allen akapata yadi zilizorekebishwa 8.3, karibu sawa na 2020. Ukitaka kujua kama kwotabeki amekua, tafuta msimu ambao waliomzunguka wamebadilika naye amebaki palepale.

Lakini tuwe wa haki kwa walinzi wa mbele, wale wanaomkinga kwotabeki: mwaka 2024 aliangushwa mara 14 tu, na mwaka wake wa pili 38. Sehemu ya sifa hiyo ni yao.

Hatua ya 6: Daftari

Kila msimu mstari mmoja: asilimia ya kufika, yadi zilizorekebishwa, asilimia ya kuporwa, idadi ya kuangushwa, yadi za kukimbia. Pembeni andika nani alikuwa kocha na nani mpokeaji mkuu. Usitoe hukumu kabla ya mistari mitatu.

Maswali ya wanachama

Kutoka Columbus, Ohio: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ni kwotabeki wa shule, anarusha kama pasi 15 kwa mechi. Hesabu hizi zitamfaa?

Marahaba, mzazi mwenzangu. Mechi 10 ni pasi 150, na mtikisiko wake ni kama pointi 4, kwa hiyo asilimia ya kufika itakudanganya mara nyingi. Wewe unayo nafasi ambayo mimi sina: uko uwanjani. Kwa kila pasi andika kama mpira ulifika mahali ambapo mpokeaji angeweza kuudaka, hata kama aliuangusha. Andika pia kama alimwona mwenzake aliyekuwa wazi. Baada ya mwaka utakuwa na kumbukumbu inayomhusu yeye, na bahati itakuwa imepungua ndani yake.

Kutoka Eldoret: Sasa mwalimu, kwa huu mfano wako, kila kwotabeki wa asilimia 53 avumiliwe miaka mitatu?

Hapana, ndugu yangu, na umenishika pazuri. Allen tunamkumbuka kwa sababu alifaulu. Rosen alikuwa na asilimia 55.2, juu ya Allen. Na mambo huenda kinyume pia: Baker Mayfield, namba 1 wa drafti hiyohiyo, alimaliza 2018 na alama 93.7 na tachidauni 27, rekodi ya wakati ule kwa mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata alishuka hadi 78.8, pasi 21 zikiporwa. Sam Darnold, namba 3, alipitia timu kadhaa kabla ya kupata 102.5 akiwa Minnesota mwaka 2024. Ndiyo maana nasisitiza daftari la kila mtu peke yake. Mfano mmoja hauwi kanuni.

Kutoka Goma: Habari mwalimu. Naona watu wanaandika EPA kila mahali. Ni nini hiyo?

Nzuri, karibu. Ni kifupi cha Expected Points Added, yaani pointi zinazotarajiwa zilizoongezwa. Kila hali uwanjani ina thamani yake, kulingana na dauni, yadi zilizobaki na umbali wa goli. Unapima thamani kabla ya jaribio moja na baada yake, unachukua tofauti. Mfano: dauni ya tatu zimebaki yadi 10, kwotabeki anatoa pasi ya yadi 8 na inafika. Asilimia yake imepanda, lakini limebaki jaribio la mwisho, na mara nyingi timu hulitumia kuuachia mpinzani mpira kwa kuupiga mbali, kwa hiyo EPA inaweza kumkata. Dauni ya tatu ikiwa na yadi 2, pasi ya yadi 3 ni dhahabu. Kwa msimu mzima naiamini kuliko alama ya ligi, na data ya kila jaribio tangu 1999 inapatikana bure kwenye mradi wa nflverse.

Kutoka Dodoma: Kwa nini alama ya juu kabisa ni 158.3?

Vipande vinne vya 2.375 ni 9.5. Gawanya kwa 6, zidisha kwa 100.

Kutoka Buffalo: Kaka, pasi zilizoporwa zilitoka 18 mwaka 2023 hadi 6 mwaka 2024. Hapo kuna ukuaji au bahati?

Vyote viwili. Kwa matukio machache kama haya, jumlisha ya miaka miwili, tafuta kipeuo cha pili: 24 inatoa kama 4.9. Tofauti ni 12, mara 2.4. Penseli. Tena mwaka 2024 alirusha pasi 483 badala ya 579, kwa hiyo nafasi za kuporwa zilikuwa chache.

Kutoka Mwanza: Mwalimu, mbona hujagusa ushindi? Kwotabeki si anapimwa kwa kushinda?

Januari 2022, mechi ya mtoano, Kansas City. Allen alirusha 37, zikafika 27, yadi 329, tachidauni 4, hakuna iliyoporwa. Kokotoa, utapata 136.0. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, Kansas City wakashinda kura ya sarafu, wakafunga tachidauni kwenye shambulizi lao la kwanza, na kwa kanuni za wakati ule mchezo ukaishia hapo, 42 kwa 36. Allen hakuugusa mpira tena. Kwenye safu ya ushindi siku hiyo imeandikwa amepoteza.