Jinsi ya kufuatilia neno la Kiingereza lilikotoka, tuchukue "nice"

Wengi wakitaka kujua asili ya neno wanashika maana ya leo alafu wanarudi nyuma kwa kukisia, ndo maana wanapotea. We anzia kwenye mzizi ushuke nalo taratibu.

Kwanza tafuta kamusi ya kihistoria, hii ya kawaida inakupa maana za sasa tu. Oxford English Dictionary ndo baba lao, ilianza kutoka vipande vipande mwaka 1884, na utamu wake ni kwamba kila maana imewekewa sentensi za zamani na miaka yake, kuanzia ya kale kabisa.

Sasa nice. Mzizi wake ni Kilatini, nescius, ne ni kukanusha na scire ni kujua, yaani asiyejua kitu (scire hiyohiyo ndo imezaa neno sayansi, mi nilivyoliona hili nilifurahi siku nzima). Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza kwenye mwaka 1300 hivi maana yake mpumbavu. Enzi za Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, ukiitwa nice ujue umetukanwa.

Hapa usiruke hatua, maana tusi haligeuki sifa kwa siku moja. Kutoka upumbavu likahamia kwa mtu wa kudeka na kuchaguachagua, mchaguzi ni mtu anayeangalia vitu kwa makini, basi kufika miaka ya 1500 likawa linasema umakini na vitu vyembamba vinavyotaka jicho kali. Maana hiyo haijafa, ukikuta wanasheria wameandika "a nice point of law" hawasifii hoja kuwa nzuri, wanasema ni nyembamba na kuikata kunataka akili. Kupendeza kumekuja karne ya 18, na likasambaa mpaka mwandishi wa riwaya Jane Austen kwenye kitabu chake Northanger Abbey, kilichotoka mwisho wa 1817, akamweka mhusika analalamika kwamba kila kitu siku hizi ni nice.

Kwa hiyo ukisoma maandishi ya zamani angalia mwaka kwanza, maana baadaye. Na ukiambiwa neno la kale ni kifupisho cha maneno mengine, kama ile hadithi kwamba posh (yaani ya kifahari) ni herufi za mwanzo za "port out, starboard home", eti upande wa vyumba vya matajiri kwenye meli wakati wa kwenda na kurudi, usiibebe bila ushahidi wa maandishi.

Ukimaliza hili jaribu silly, lenyewe limepita njia ya kinyume, lilianza kwa mwenye heri aliyebarikiwa likashuka mpaka kwa mjinga.