Kipumulio cha difu, kiangalie kabla ya mvua

Wakuu wenye mikweche huku Tabora, mvua za Novemba haziko mbali. Kabla hujawaza kuinua gari au kununua tairi za tope, lala chini uangalie kipumulio cha difu la nyuma. Ni kile kikofia kidogo juu ya ekseli, kinachopitisha hewa kuingia na kutoka kwenye difu, yaani boksi la gia linalozungusha magurudumu. Gari likishatembea kilomita 300,000, mara nyingi utakikuta kimeganda kwa tope na oili.

Ukiendesha mwendo mrefu difu linapata moto. Ukiingia ghafla kwenye maji ya mbugani, hewa ya ndani inapoa na kunywea. Kipumulio kikiwa kimeziba, difu linavuta kupitia sili za ekseli, ambazo kwa umri huo zishachoka, na maji yanaingia humo humo. Hilux yangu ilinifunza hilo njia ya Ulyankulu: nilipofungua nati ya kumwagia oili, kilichotoka ni kama chai ya maziwa. Oili ikifika hapo ni kumwaga yote, hata kama uliiweka juzi.

Dawa yake ni rahisi mno. Ng'oa kikofia, funga nipo (kijibomba cha kuchomekea mpira), kisha vuta mpira wa mafuta kutoka hapo hadi juu kwenye injini. Mwisho wake chomeka filta ndogo ya petroli, vumbi lisiingie. Difu la mbele nalo lifanyie hivyo hivyo. Ila mpira uache ulegee kidogo. Ekseli inapanda na kushuka, ukiukaza utachomoka kwenye shimo la kwanza.