Kabla Hujalipia Lupango Lubumbashi, Uliza Nani Yuko Hai

Lupango yangu, yaani kiwanja na nyumba yake, katika komini (manispaa) ya Kampemba hapa Lubumbashi, Kongo, niliilipia mara mbili. Mara ya kwanza dola 18,000 kwa kijana aliyeniuzia, mara ya pili dola 7,500 kwa mama yake na wadogo zake watatu. Nawaandikia Watanzania, Wakenya na wengine walioshuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mzigo, wakajikuta wamekaa miaka, na sasa kodi ya nyumba inawamaliza. Nunueni, sikatazi. Ila msinunue kama mimi.

Nyumbani tumezoea: unakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa, mnapeana mikono. Huku nilipelekwa ofisi ya kartie, yaani mtaa, nikakuta shefu wake, mashahidi wawili, mihuri miwili, na karatasi inayoitwa fiche parcellaire yenye jina la baba wa yule kijana. Nikasema moyoni, ni yale yale ya kwetu. Sivyo. Fiche inaonyesha nani anakaa pale na komini inamtambua vipi. Haimpi mtu haki juu ya ardhi. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi yote ni ya Taifa, mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: certificat d'enregistrement, ambayo mtaani wanaiita sertifika. Anayeitoa ni conservateur des titres immobiliers, yaani msajili wa hati za ardhi. Mihuri ya kartie hata ikijaa ukurasa mzima haigeuki kuwa sertifika.

Na masikio yako yawe macho. Kiswahili cha huku "kuuza" ni kununua, na kuuza kwetu wao wanasema "kuuzisha". Jirani akikwambia "fulani aliuza ile lupango", anamaanisha ameinunua. Mimi niliambiwa hivyo kuhusu mnunuzi mwingine aliyenitangulia, nikaelewa kinyume, nikapita tu.

Sasa mtego wenyewe. Yule kijana alikuwa mtoto wa kwanza, baba kafariki, na komisyonere, yaani dalali wao, akanihakikishia kwamba mkubwa ndiye anayesimamia mali. Kuna ukweli ndani yake, na ndiyo maana nilinasa. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mrithi mwenye umri mkubwa kazi ya kugawa mirathi, lakini ni lazima athibitishwe na mahakama. Na kugawa si kumiliki. Robo tatu ya mirathi ni ya watoto wote, wakiwemo wa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua. Mjane naye ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Kwa hiyo mtoto wa kwanza akikuuzia peke yake, amekuuzia fungu lake na mafungu ya watu wasiokujua.

Nilinunua Agosti, kiangazi. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa chokaa mbichi, mweupe unang'aa, nikafurahi kwamba muuzaji ni mtu msafi. Desemba mvua zikapiga wiki nzima. Asubuhi moja natoka na ndoo, naona chokaa imeshuka chini ya ukuta kama maziwa yaliyomwagika kwenye udongo mwekundu, na juu yake herufi nyekundu za rangi ya mafuta, kubwa kama mkono wangu: PARCELLE À NE PAS VENDRE. Lupango hii haiuzwi. Aliyeandika alikuwa mama wa yule kijana, mwaka aliofiwa na mumewe. Wiki ile ile binti wa miaka kama ishirini akabisha geti, kashika bahasha ya mahakama kwa mikono miwili. Akanisalimia kwa adabu, kisha akasema, "Mama, hii ni lupango ya baba yetu. Siye hatukuuzisha." Hakupandisha sauti. Nilimkaribisha kiti, na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Kwa hiyo kabla hujahesabu hata dola moja, uliza nani yuko hai. Mjane yuko? Watoto wangapi, wa mama wangapi? Omba procès-verbal, yaani muhtasari wa kikao, ya baraza la familia yenye saini za warithi wote ambao ni watu wazima, na karatasi ya mahakama inayomthibitisha mgawa mirathi. Kama kuna mtoto hajafika miaka 18, simama hapo hapo mpaka wakili wako aseme. Na kama muuzaji yuko hai na ana mke, mke asaini, hata kama jina kwenye sertifika ni la mume peke yake. Sheria inataka ridhaa ya wote wawili. Uliza tena kwa majirani, si kwa komisyonere. Komisyonere analipwa mkiuziana, halipwi mkigundua kitu.

Tazama pia tarehe. Sertifika ikipita miaka miwili inakuwa ngumu sana kupingwa. Iliyotoka mwezi uliopita, ikihama kutoka jina la marehemu, iogope.

Mengine ni ya kawaida: conservateur akutafutie faili, cadastre, yaani ofisi ya upimaji ardhi, wapime mipaka, mkataba ufanywe mbele ya notari, ofisa anayethibitisha mikataba, ulipe ada, jina libadilishwe. Ujue tu kwamba haki ya kudumu ni ya raia wa Kongo. Mgeni anapata miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Ndugu zetu mlioko nyumbani, nawapenda, lakini na ninyi mna sehemu. Kaka yangu Mbeya alinitumia nusu ya pesa na ujumbe kila asubuhi: "Dada, lipa, itaondoka." Nilipomtumia picha ya mihuri akajibu kwamba mihuri ile ni ya kutosha kununulia mtaa mzima. Kaka, nyumba ikichukuliwa na mwingine, pesa zetu zinabaki. Mtu akiwaomba muda wa kwenda kwa wakili, mpeni muda.

Nilikuwa nikiwaona watu wa huku wagumu, kila jambo kikao cha ukoo, wajomba, shangazi, soda, masaa. Siwaoni hivyo tena. Kwetu mtu mmoja akishika hati wengine wanalia pembeni kimya. Huku mjane asiyejua Kifaransa alichukua brashi akaandika ukutani kwa Kifaransa alichoandikiwa kwenye kikaratasi, apate kusomwa na kila mpita njia. Maneno yake yalifunikwa na chokaa, mvua ya Desemba ikayafunua, yakawasemea wanawe. Kesi ilichukua karibu miaka miwili, ikaishia kikaoni, chini ya mwembe wangu, au wao. Wote wakasaini mbele ya notari, mama akaweka dole gumba.

Sertifika yangu imetoka. Nikisafiri kwenda Mbeya mwezi mzima nyumba inabaki na mpangaji, na nyumba ya mtu aliye safarini huuzwa huku kwa urahisi kuliko unavyofikiri. Nimepaka ukuta upya, rangi ya mafuta safari hii, na maneno ya yule mama nimeyaandika tena pale pale yalipokuwa, na chini yake namba ya simu ya wakili wangu.