Umeokota jiwe linalong'aa? Lipime kabla ya kulipasua

Weka nyundo kando. Wengine hulipiga jiwe kulijaribu, eti kito halisi hakivunjiki! Hata almasi, ngumu kuliko yote, huweza kupasuka kwa pigo moja.

Lioshe kwa mswaki laini, limulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona viputo vya duara ndani, huenda ni kipande cha chupa.

Kipimo cha maana ni uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Tafuta mizani ya gramu yenye desimali mbili. Pima jiwe likiwa kavu, tuseme gramu 8.00. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa chini wala kando. Ikisoma 2.00, gawanya: 8 ÷ 2 = 4. Hiyo huenda ni yakuti, ingawa baadhi ya ganeti (vito vingine, mara nyingi vyekundu) nazo hufika hapo. Kwatzi, jiwe linalopatikana kwa wingi, hutoa 2.65. Viputo vya hewa vilivyong'ang'ania jiwe hushusha jibu, vivyo hivyo mwamba mwepesi ulioshikamana nalo.

Kutenganisha yakuti na ganeti, jaribu kukwaruza nalo topazi, kito chenye ugumu wa 8 kati ya 10: yakuti (9) huichora, ganeti haiwezi. Futa mchoro kwa kidole kibichi. Ukitoka, ulikuwa unga tu.